Puti, Magazeti na Pikapu ya Marehemu Baba

Kwa miaka thelathini na mmoja nilisoma mita za maji mjini Puerto Toninas. Kazi yangu ilikuwa kufunua kifuniko cha chuma, kuinama, kunakili namba na kufunika. Ukifanya hivyo miaka yote hiyo, mgongo unapinda na kichwa kinavimba. Unaanza kuamini kwamba mtu aliyeshika vifuniko vingi kiasi hicho lazima anajua mambo ya chuma. Mimi niliamini. Ndiyo maana nilipostaafu nilimwambia mke wangu, Nibia, kwamba pikapu ya marehemu baba nitaitengeneza mwenyewe, hapa hapa nyumbani, kwa mikono yangu.

Nibia alikuwa kwenye cherehani, anashona pindo la gauni la mteja. Hakuinua kichwa.

"Mikono ipi?" akauliza.

Pikapu yenyewe ni ya mwaka hamsini na moja, ya Kimarekani, ile yenye mashavu manene mbele na kioo kidogo nyuma. Baba yangu, mzee Eustaquio Techera, aliuzia samaki humo kwa miaka ishirini na sita, kutoka gatini mpaka kwa wafuga ng'ombe wa bara. Samaki walilala juu ya barafu, barafu ikayeyuka, maji ya chumvi yakapenya kila mahali palipopenyeka. Hapo sijataja upepo wa bahari wa huku mkoani kwetu Rocha, unaokula mpaka bawaba za kabati lililo chumbani. Baba alipofariki, pikapu iliegeshwa kwenye banda nyuma ya nyumba, ikakaa humo na kuku.

Injini ilikuwa nzima. Naomba hilo liandikwe, kwa kuwa ndicho kitu pekee ambacho sikukigusa.

Siku ya kwanza niliona kipele kimoja tu cha rangi, chini ya mlango wa dereva, ukubwa wa dengu. Nikakibonyeza kwa kidole. Kidole kikazama mpaka kwenye kifundo. Nikakitoa polepole, nikatazama huku na huku kama mtu aliyevunja kikombe cha wenyewe. Halafu nikachukua bisibisi nikaanza kupima sehemu nyingine, na kila nilipogusa palitoboka. Kizingiti cha mlango kilikuwa biskuti iliyolowa kwenye chai. Nilipoinua mpira uliotandikwa kwenye sakafu ya kebini, nilimwona kupitia tundu kuku mmoja anataga chini ya gari. Kuku naye akaniona.

Mtu mwenye akili zake angevuka barabara. Ng'ambo aliishi Wilmar Olivera, fundi wa bodi za magari, aliyeanza kunyoosha mabati tangu hajaota ndevu. Lakini mimi na Wilmar tulikuwa na jambo letu. Mwaka mmoja niliandika kwenye daftari la kazi kwamba mita yake imechezewa, wakaja watu kuikagua, kumbe ni konokono alikuwa ameingia akajibandika kwenye kioo. Tangu siku hiyo Wilmar aliniita Bwana Konokono, sokoni, kanisani, popote. Nilikuwa nimejiapiza kwamba mguu wangu hautakanyaga kwake kuomba msaada hata pikapu ibaki usukani peke yake.

Basi nikanunua puti, makopo manne. Muuzaji alinieleza kwamba puti hupakwa nyembamba, juu ya bati safi, kuziba mikwaruzo. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbushwa jambo alilolijua zamani. Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba tundu la ukubwa wa sahani halizibiki kwa kitu chembamba. Nikakaa nikawaza. Nikachukua magazeti, nikayashindilia ndani ya kizingiti. Juu ya magazeti nikaweka wavu wa banda la kuku. Juu ya wavu, puti. Sakafuni nilifanya vilevile, ila huko niliongeza vibao vya kreti la nyanya, nikavipaka puti mpaka vikafanana na chuma. Naona aibu kuyaandika haya, lakini wakati ule nilikuwa napiga mluzi.

Nibia alikuja bandani na kibuyu cha yerba, majani tunayokunywa kama chai, mkononi, chupa ya maji ya moto kwapani. Akanikabidhi kibuyu, akasimama kunitazama nikinywa na kupiga msasa.

"Hicho ulichojaza humo ndani ni nini?"

"Kiungo cha kati."

"Ni gazeti la Jumapili, Ademar. Nilikuwa sijalimaliza."

"Litakaa miaka hamsini."

"Bila kusomwa."

Nikamwambia mambo ya bodi yana kanuni zake. Akasema hana shaka, akanipokonya kibuyu kabla sijamaliza kunywa, akarudi kwenye cherehani.

Niseme ukweli, kwa nje ilipendeza. Niliipaka kijani kibichi, nikang'arisha taa, nikaandika jina la baba mlangoni kwa herufi nyeupe. Wapita njia walisimama. Kwenye klabu yetu, ambako sisi wastaafu hukutana kurusha matufe na kusemana, niligeuka mhadhiri. Nilieleza jinsi kutu inavyotembea chini ya rangi. Nilisema, na mashahidi wapo hai, kwamba siri yote iko kwenye kiungo cha kati. Mmoja wao akaniomba nikalitazame lango lake lililoliwa. Nikaenda, nikaligonga kwa ukucha, nikatikisa kichwa, nikamwambia pole, umechelewa. Lango lile limesimama mpaka leo.

Mwezi wa Februari, mji ukiadhimisha kuanzishwa kwake, kamati ya sherehe iliniomba pikapu iwe kwenye maandamano. Nilijifanya nafikiria, kwa muda wa kumeza mate mara moja. Shangazi Zulma, dada yake baba, aliyekuwa na miaka themanini na minne, alitangaza kwamba atakaa mbele pamoja nami, maana ndiye aliyekuwa akipima samaki enzi zile. Alivaa gauni la bluu, kofia, na viatu vipya vya kisigino chembamba. Viatu vile niliviona. Niliviona kabisa, nikanyamaza.

"We mtoto," aliniambia akiwa anapanda, maana kwake bado nina miaka sita, "mbona sakafu inalialia?"

"Bati jipya, shangazi. Linazoea."

Tuliingia barabara kuu nyuma ya bendi ya shule, mwendo wa kinyonga. Watu walipiga makofi pande zote. Kijasho chembamba cha fahari kilinitoka. Tulipofika mbele ya jukwaa walipoketi wakubwa wa mji, bendi ilisimama ghafla, nami nikakanyaga breki. Shangazi akajizuia kwa mguu wa kulia. Nikasikia mlio kama wa mtu anayeng'ata mkate mkavu.

Alitazama chini. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa tu, "Ademar, nimekanyaga barabara."

Nikageuka. Mguu wake ulikuwa umepita sakafuni mpaka gotini.

"Umeumia, shangazi?"

"Sijaumia. Lami ina joto." Akafikiri. "Kiatu kimetoka. Usiende popote mpaka kipatikane."

Hapa ningependa kusimulia jambo la kishujaa. Nilichofanya ni kuwapungia watu mkono. Niliona kwamba nikiendelea kutabasamu, watadhani ni sehemu ya maonyesho. Bendi ikaanza tena kupiga, ikaondoka, ikatuacha. Nyuma yetu walikuwa wafuga ng'ombe na farasi wao arobaini, na farasi hawana habari na maonyesho. Wakaanza kurundikana, mmoja akaingiza kichwa kwenye dirisha la shangazi na kunusa kofia yake.

Aliyetoka kwenye umati kuja kwetu alikuwa Wilmar, tumbo mbele, mkate wenye soseji mkononi. Alimkabidhi mpanda farasi ule mkate, akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya gari.

"Bibi Zulma," akasema kutoka huko chini, "usiuvute mguu. Kuna wavu humu, utakukwaruza. Tulia hivyo hivyo, nimege hizi takataka."

"Mega tu, mwanangu. Sina haraka mimi."

Akamega kwa mikono mitupu. Hakuhitaji hata nyundo. Akautoa mguu wa shangazi taratibu, akauvisha kiatu, kisha akasimama na kipande cha sakafu yangu mkononi. Gazeti lilikuwa limegandia kwenye puti, maandishi yakisomeka vizuri. Akavaa miwani. Akasoma, kwa sauti iliyofika jukwaani.

"Jumapili. Mawingu asubuhi, mvua kusini na mashariki." Akageuza upande wa pili. "Huku kuna tangazo la msiba. Bwana Konokono, hii ni kazi kamili. Gari limekufa na matanga yake umeshayaweka ndani."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilicheka na mimi, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kuuweka uso wangu. Shangazi alipelekwa nyumbani na gari la watu. Mimi nilirudi na pikapu kwa njia za uchochoroni, naitazama lami ikipita kando ya mguu wangu.

Siku nane sikutoka nje. Nilimwambia Nibia nina mafua. Siku ya tisa mvua ilinyesha, na kwetu mvua ikinyesha hukaangwa mikate. Nibia alikaanga, akaipanga kwenye sahani, akaifunika kitambaa. Nikanyoosha mkono.

"Si yako hiyo," akasema. "Mpelekee Wilmar."

"Nina mafua."

"Mafua hayazuii kuvuka barabara. Na ukifika usianze kumweleza kitu. Mpe sahani, nyamaza."

Nilimkuta Wilmar karakanani kwake, amekaa juu ya tairi. Nikampa sahani, nikanyamaza, jambo lililomshangaza kiasi kwamba alikula mkate mzima akinitazama.

"Sitakutengenezea," akasema mwishowe.

"Sawa." Nikaanza kugeuka.

"Ngoja, sijamaliza. Nitakuonyesha. Nikikutengenezea mimi, wiki ijayo utarudi klabuni kuhadhiri. Ukitengeneza mwenyewe, utanyamaza mwenyewe."

Kesho yake tulianza kubomoa. Wilmar aliniwekea sharti moja, nikate mpaka nifike kwenye bati linalong'aa. Likiwa na doa, bado. Likiwa na vitundu kama vya sindano, bado. Nilishika grenda, nikakata, nikakata, na kila nilipodhani nimefika, alipitisha kidole gumba na kusema, "Bado, jirani." Siku ya tatu nilikuwa nimebaki na paa, kiti na mlango mmoja na nusu.

Siku hiyo ndiyo nilipofika kwenye kona ya sakafu chini ya kiti cha dereva, mahali ambapo sikuwa nimepagusa kwa sababu palionekana pagumu. Palikuwa pagumu kweli, kwa lami. Nikakwangua. Chini ya lami palikuwa na gunia la unga. Chini ya gunia palikuwa na kifuniko cha kopo la biskuti, kimegongwa kikalazwa juu ya tundu, bado kina picha ya msichana mwenye kikapu cha maua.

Nikamwita Nibia. Lazima niseme kwamba kwa miaka yote ya ndoa yetu, kila fundi alipoharibu kitu nyumbani kwetu, nilimwambia Nibia maneno yale yale: baba yangu hakuwahi kulipua kazi. Alilijua jambo hilo kama anavyoijua sala. Akakitazama kifuniko, akamtazama yule msichana, akavuta kigoda, akakaa, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya aproni.

"Kiungo cha kati," akasema.

Nilitaka kukasirika, sikuweza. Nilikaa na kile kifuniko magotini. Nikamwona baba pembeni ya barabara ya vumbi, jua linapanda, samaki nyuma, barafu inakwisha, anapasua gunia kwa kisu ili awahi kufika vijijini kabla bidhaa haijaharibika. Yeye alikuwa na samaki wa kuwahi. Mimi nilikuwa na muda wote duniani na magazeti. Hilo liliniuma kuliko kicheko cha jukwaani, ila pia, sijui kwa nini, lilinipa nguvu. Nilifuta kifuniko, nikakitundika ukutani bandani, nikashika tena grenda.

Kubomoa kumbe ndiyo sehemu rahisi. Kazi ilikuwa kukata bati jipya likae mahali pa lile la zamani, na sakafu ya gari lile haina hata shibri moja iliyonyooka. Inateremka, inapinda, kisha inapanda mbele pale miguu inapoegemea. Nilikata kipande cha kwanza kikawa kifupi. Cha pili kikawa kirefu. Cha tatu kilikuwa sawasawa kabisa, kwa upande wa pili wa gari. Cha nne nakiacha. Nibia alikuwa ameleta yerba, akasimama muda mrefu kuliko kawaida.

"Hapo unahangaika bure," akasema. "Hilo ni bega la koti."

"Hili ni bati, mke wangu."

"Ni bega. Linapanda, linazunguka, linashuka. Ukilipima kwa rula utakata mpaka uzeeke."

Akaenda ndani, akarudi na karatasi ya kahawia anayochorea mitindo, chaki, pini na mkasi wake ambao mimi siruhusiwi kuugusa. Akaingia kwenye kebini na gauni lake, akalaza karatasi juu ya tundu, akaibonyeza kwa viganja, akapitisha chaki kwenye kingo. Palipojikunja, aliikata kidogo kwa mkasi, akapishanisha kingo, akapiga pini. Akaitoa. Ilikuwa na umbo la kitu ambacho sijawahi kukiona, lakini ilipohamishiwa kwenye bati, ikakatwa na kukunjwa kwenye alama zake, ililala pale sakafuni kama imezaliwa hapo.

Wilmar alipokuja jioni, alipitisha ukucha kuzunguka kiraka chote. Hakusema "Bado."

"Nani kakata hii?"

Nakiri kwamba neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa "mimi". Nibia alikuwa mlangoni, ananitazama.

"Mimi nilishika karatasi," nikasema.

Wilmar akavua kofia, akageukia mlangoni. "Bibi Nibia, una karatasi nyingine kama hiyo?"

Kuanzia hapo karakana yetu ilipata mkuu, na hakuwa mimi. Nibia alipima, alichora, akaniita kushika. Niliachiwa kuchomelea, na hata huko nilijikwaa. Wilmar alinionyesha kwamba bati jembamba halichomelewi mfululizo. Unapiga nukta moja, unahamia mbali, unapiga nyingine, unasubiri lipoe, unarudi. Nilielewa. Nilifanya hivyo kizingiti kizima, nukta baada ya nukta, kama mtu mwenye adabu. Halafu siku moja, nikiwa peke yangu kwenye mlango wa abiria, nikaona mstari umenyooka na mkono umetulia, nikauvuta moto kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Ulikuwa mstari mzuri. Nikarudi nyuma kuutazama, na mbele ya macho yangu mlango ukaanza kuvimba, taratibu, ukifanya bonde hapa na kilima pale, kama chapati inayoumuka juu ya moto.

Wilmar aliutazama kwa heshima kidogo.

"Nimepiga nyundo miaka hamsini," akasema, "sijawahi kupata wimbi zuri namna hii. Hata baharini leo hakuna."

Tulilinyoosha kwa siku nne. Halijanyooka. Ukisimama upande wa abiria wakati jua linatua, utaona.

Kazi ilianza Machi ikaisha Oktoba. Tuliacha matundu madogo chini ya vizingiti ili maji yakiingia yapate pa kutokea, tukapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili, kisha kijani kile kile. Sakafu kwa chini tuliiacha viungo vyake vinaonekana, nukta zote, zilizonyooka na zilizolewa. Nilitaka kuvifunika kwa puti kidogo tu, kwa ajili ya macho. Wote wawili walinigeukia kwa pamoja, nikaweka kopo chini.

Shangazi Zulma aliletwa kuikagua. Aliingia, akasimama kwa miguu yote miwili, akarukaruka kidogo, akiwa na fimbo, mpaka Nibia akamwomba ashuke.

"Sasa hii ni sakafu," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa barua."

Wilmar siku hizi ana wateja wenye magari ya zamani wanaotoka hata mpakani mwa Brazili, na mara mbili kwa wiki anakuja ili Nibia amkatie mitindo. Inaning'inia kwenye chumba cha kushonea pamoja na ile ya nguo, kwenye misumari ile ile, imeandikwa kwa penseli: gauni la mke wa daktari, kizingiti cha kushoto, suruali ya Wilmar, shavu la nyuma. Mteja mmoja aliyekuja kwa ajili ya harusi karibu ashonewe tao la tairi. Nibia mwenyewe ndiye anayeendesha pikapu. Anasema mimi nakanyaga breki vibaya, na sina ushahidi wa kumpinga.

Mimi huamka, huchemsha maji ya yerba, hubeba mabati. Mei, kabla ya mvua, hulala chali chini ya gari na kupuliza mafuta ndani ya vizingiti, mafuta yanadondoka yananiingia puani, nami navumilia. Klabuni bado nakwenda. Wakiniuliza habari za kutu, nawaambia wamtafute mke wangu, ila wasije saa za mchana, anapumzika. Mwaka huu nimepandishwa cheo. Naruhusiwa kushika mkasi wa bati, kwenye mistari iliyonyooka tu.